Mlinzi wa getini asiyelipwa: uchambuzi wa kisa cha usharika mmoja na kampuni ya ulinzi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wazee wa kanisa, watunza hazina na yeyote anayesaini mkataba kwa niaba ya waumini. Mji, dayosisi, kampuni na majina ya watu vimeondolewa. Viwango vya fedha vimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike, ila uwiano wake umeachwa kama ulivyokuwa, kwa sababu somo kubwa la kisa hiki limo kwenye hesabu.

## Mazingira

Usharika ni wa Kilutheri, uko katika mji wa wastani Tanzania bara. Una ibada mbili kila Jumapili, ofisi, ukumbi, nyumba ya mchungaji, na zahanati ndogo upande wa pili wa uzio. Sadaka inatosha mishahara ya watumishi na mchango wa dayosisi. Ikibaki, inaenda kwenye ujenzi.

Kwa miaka mingi eneo lilikuwa likilindwa na mzee mmoja aliyelala kwenye kibanda cha mabati. Usiku mmoja wezi walivunja dirisha la ukumbi wakaondoka na spika nne na amplifaya, mali ya kwaya. Wanakwaya walikuwa wamevinunua kwa kuchangishana miaka miwili, na hasira yao ilifika kwenye baraza la wazee kabla ya polisi hawajamaliza kuandika maelezo. Baraza likaamua kutafuta kampuni ya ulinzi kwa walinzi wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku.

Zikaja zabuni tatu. Kwa mlinzi mmoja kwa mwezi, VAT ikiwemo, kampuni ya kwanza ilitaka shilingi 380,000, ya pili 320,000 na ya tatu 300,000. Baraza lilichagua ya tatu, kisha likamtuma mjumbe mmoja mfanyabiashara akaongee nao. Alirudi na 250,000. Muhtasari wa kikao unamshukuru kwa "kuokoa fedha za Bwana." Mkataba ulisainiwa mwaka 2023. Hakuna aliyeuliza mlinzi mwenyewe atapata ngapi.

## Jinsi mambo yalivyogundulika

Mwezi wa tano, alfajiri, mhazini wa umoja wa wanawake alifika kanisani kwa maombi ya asubuhi. Alimkuta mlinzi wa usiku akinawa uso kwenye bomba la nje. Soli ya buti lake la kushoto ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa mpira wa tairi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Namshukuru Mungu. Mama, naomba unikopeshe nauli. Tangu mwezi wa pili hatujaona mshahara."

"Mbona kanisa linalipa?"

"Sijui mama. Bosi anasema kanisa halijalipa."

Mama yule alichukulia kuwa bosi anadanganya. Alimpa nauli, akamwomba aone karatasi ya mshahara. Iliyokuwepo ilikuwa ya mwezi wa kwanza: mshahara 148,000, makato ya sare 20,000, faini ya "uzembe" 10,000, na kakatwa pia mkopo wa rungu na firimbi. NSSF haikuonekana popote, si upande wa makato wala upande wa mchango wa mwajiri. Mlinzi alikuwa akiingia saa kumi na mbili jioni na kutoka saa kumi na mbili asubuhi, usiku sita kwa wiki, na usiku wa saba mara nyingine akibaki kwa kuwa wa kumpokezana hakuja.

## Kikao cha kwanza

Habari ilifika barazani Jumapili iliyofuata. Sauti tatu zilisikika.

Mzee mmoja alitaka mkataba uvunjwe siku hiyo hiyo. Alisoma 2 Wakorintho 6, pale wanapoambiwa watoke kati ya wasioamini na wasiguse kitu kichafu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: sadaka ya wajane isimtajirishe mtu anayedhulumu.

Mtunza hazina alipinga. Alisema kanisa limenunua huduma, halijaajiri mtu, na mambo ya ndani ya kampuni ni ya kampuni. Naye alikuwa na andiko, 1 Wakorintho 10:25, ambapo Paulo anawaruhusu Wakorintho kula chochote kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri. Tukianza kuchunguza kila tunachonunua, alisema, hata mishumaa hatutawasha.

Mwakilishi wa vijana alitaka jina la kampuni liwekwe kwenye makundi ya WhatsApp ya sharika zote za mji.

Katikati ya mabishano mtu akapendekeza sadaka ya huruma kwa mlinzi. Ilikusanywa siku hiyo hiyo, shilingi 140,000, na kila mtu akaenda nyumbani akiwa amefarijika. Nasema bila kuwaonea: ile ilikuwa ruzuku kwa kampuni. Waumini walimlipa mlinzi karibu mshahara wa mwezi mmoja aliokuwa anamdai mwajiri wake, na mwajiri akapata nafasi ya kupumua.

## Uamuzi wa kwanza: barua

Baraza lilikubaliana njia ya katikati. Katibu aliandika barua kali kwa kampuni: walinzi walipwe ndani ya siku 30, la sivyo mkataba utavunjwa. Barua ilitaja lindo la kanisa na "mlinzi wenu wa usiku" kama chanzo cha taarifa. Hakuna aliyemuuliza mlinzi kama anataka iandikwe.

Siku ya nne baada ya barua kufika, mlinzi alihamishiwa lindo la ghala nje ya mji, mwendo wa saa nzima kwa daladala mbili. Nauli hana. Alihudhuria kwa siku chache, akakosa mbili, akaandikwa mtoro. Getini pa kanisa akaletwa kijana mwingine, mgeni kabisa, aliyekuwa ameshaonywa asizungumze na waumini.

## Uamuzi wa pili: kusikiliza

Mchungaji na katibu walifanya kile ambacho kingefanyika kwanza. Walimtafuta mlinzi yule nyumbani kwake, wakamkuta na wenzake wanne wa kampuni hiyo hiyo kutoka malindo mengine. Walikaa nao jioni nzima. Kati ya watano hao hakuna aliyetaka mkataba uvunjwe. Mmoja aliuliza, "Mkiondoka, deni letu tutamdai nani?"

Kesho yake mkurugenzi wa kampuni aliitwa ofisini kwa mchungaji. Alikuja na faili.

"Baba Mchungaji," alisema, "mimi si malaika. Lakini mwezi wa tatu na wa nne kanisa halijanilipa. Ankara hizi hapa, muhuri wenu huu hapa wa kupokea."

Ilikuwa kweli. Mtunza hazina alikuwa amezisogeza mbele hadi baada ya mnada wa mavuno, kama alivyozoea kusogeza ankara zote. Kwa hiyo bosi hakuwa amemdanganya mlinzi, au tuseme alimdanganya kwa mwezi mmoja tu kati ya mitatu. Mwezi wa pili kanisa lililipa kwa wakati na kampuni ikazitumia fedha kwa mambo yake. Mwezi wa tatu na wa nne deni lilianzia madhabahuni.

Hapo kikao kilibadilika. Mchungaji alikubali deni mbele ya mkurugenzi, kisha akaweka sharti: kanisa litalipa shilingi 1,000,000 wiki hiyo, na kampuni italeta ndani ya siku saba uthibitisho wa miamala ya simu kuonyesha kuwa walinzi wote waliosimama kwenye lindo la kanisa wamelipwa miezi hiyo miwili, akiwemo yule aliyeandikwa mtoro. Waliandika, wakasaini. Uthibitisho ulikuja siku ya tisa.

Mshahara wa mwezi wa pili ulibaki. Kwa msaada wa mwanasheria muumini, mlinzi alifungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Madai ya namna hiyo yanapaswa kufunguliwa ndani ya siku 60, na siku zilikuwa zimeshapita, kwa hiyo aliambatanisha maombi ya kuongezewa muda. Walimaliza kwenye usuluhishi. Alilipwa mwezi wa pili, makato ya sare hakurudishiwa.

## Uamuzi wa tatu: kuondoka

Baraza liliiacha kampuni mkataba ulipoisha, kwa notisi ya kawaida, miezi mitano baadaye. Katika miezi hiyo kanisa lililipa kila ankara ndani ya wiki moja na kudai uthibitisho wa mishahara kila mara. Mara mbili uthibitisho haukuja, na mara zote mbili mchungaji mwenyewe alipiga simu.

Baada ya hapo kanisa liliajiri lenyewe. Kwanza waliuliza swali ambalo halikuulizwa siku ya wizi: mlinzi wa mchana anahitajika kweli? Ofisi iko wazi, mhudumu wa kanisa yupo, zahanati ina watu. Wakaamua kulinda usiku tu. Saa 12 kwa usiku saba ni saa 84. Wakigawana walinzi wawili, kila mmoja ana wastani wa saa 42 kwa wiki, chini ya 45 za sheria. Mshahara ni 200,000 kwa kila mmoja, nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku, na mchango wa mwajiri NSSF asilimia 10. Jumla inafika kama 460,000 kwa mwezi, chini ya 500,000 waliyokuwa wakiilipa kampuni.

Mlinzi wa mchana wa zamani alipata moja ya nafasi hizo. Yule wa usiku, aliyesema kwa mara ya kwanza, hakupata. Tangazo lilipotoka alikuwa ameshahamia mkoani kwa wakwe zake na namba yake haipatikani.

## Uchambuzi

Bei. Tuanze hapa kwa sababu barazani hapakuanziwa. Ondoa VAT ya asilimia 18 kwenye 250,000, kampuni inabaki na karibu 212,000. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mlinzi wa kampuni ndogo kuwa 148,000. Ongeza mchango wa mwajiri NSSF, 14,800. Zimebaki kama 49,000. Sasa saa. Usiku sita wa saa 12 ni saa 72 kwa wiki, yaani 27 zaidi ya 45 zinazoruhusiwa kama saa za kawaida. Kwa wiki nne ni saa 108 za ziada, wakati Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu 50 tu. Hata ukihesabu hizo 50 peke yake kwa malipo ya mara moja na nusu, ni kama 57,000. Fedha imeshakwisha, na bado hujanunua buti, hujamlipa msimamizi anayepita usiku kwa pikipiki, hujamweka wa kupokezana, na mwenye kampuni hajala.

Mkataba ule ulikuwa haulipiki kihalali tangu siku ya kusainiwa, na aliyeushusha hadi hapo ni mnunuzi. Mkurugenzi alikuwa na chaguo la kukataa, ndiyo, na dhambi yake ni yake. Ila baraza lilikaa vikao vitatu likijadili kama kanisa "linashirikiana" na dhuluma, kana kwamba dhuluma ilikuwa mahali fulani na fedha za kanisa zikaipitia tu. Bei ya 250,000 iliyoandikwa kwa shukrani kwenye muhtasari ndiyo iliyoamua kwamba mlinzi hatalipwa saa zake.

Maandiko yaliyosomwa. Mtunza hazina hakukosea kumtaja Paulo. Nyama ya sokoni Korintho ilikuwa imepita mikono mingi. Mnunuzi hakujua mnyama amechinjwa wapi, na Paulo hakutaka Mkristo aishi kama mpelelezi. Mahali pengine katika waraka huo huo anakiri kwamba kukwepa kila mtu mwovu kungemlazimu mtu atoke duniani. Lakini sura ya 10 haiishii mstari wa 25. Mstari wa 28 unasema mtu akikuambia kitu hiki kimetolewa sadaka kwa sanamu, usile, kwa ajili ya huyo aliyekuambia. Asubuhi ile bombani kuna mtu alisema. Tangu hapo ruhusa ya kutouliza ilikuwa imefika mwisho.

Tena mkataba wa ulinzi si soko. Anayenunua soda dukani ni mmoja kati ya maelfu. Hapangi bei, na akiacha kunywa hakuna anayejua. Kanisa lilikuwa limepanga bei, limepanga saa, na mtu aliyedhulumiwa alisimama getini pake kila usiku. Walimu wa maadili wa Kikatoliki, hasa kuanzia Alfonso de Liguori katika karne ya 18, hutenganisha anayeridhia uovu wa mwingine na yule ambaye tendo lake linausaidia bila yeye kuutaka. Kwa huyu wa pili huuliza yuko karibu kiasi gani na ubaya wenyewe, na ana sababu nzito kiasi gani. Kipimo hicho Mlutheri naye anaweza kukitumia bila kuona haya. Kwa kipimo hicho usharika ulikuwa karibu sana.

Mzee aliyesoma 2 Wakorintho 6 alikuwa na bidii, ila sura ile inahusu kufungwa nira pamoja na ibada ya sanamu. Andiko lililolingana na shauri hili kabisa halikusomwa na yeyote: Yakobo 5:4, kuhusu ujira wa wavunaji uliozuiliwa, unaolia hadi masikioni mwa Bwana. Na Kumbukumbu la Torati 24:15, inayotaka kibarua apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijachwa. Ukiisoma hiyo ukiwa na ankara mbili zenye muhuri wa usharika mezani, unajua inamhusu nani.

Barua. Huu ndio uamuzi mbaya kuliko yote, na ulifanywa kwa nia safi kabisa. Wenye kudai haki kwa niaba ya mtu bila kumshirikisha walimpa mwajiri jina la kulipiza. Wazee walilinda usafi wa mikono yao, na gharama akalipa mwenye mshahara wa 148,000. Kama mnataja taarifa, ficheni ilikotoka, au ulizeni kwanza. Barua hiyo hiyo ingeweza kudai uthibitisho wa malipo ya walinzi wote kama haki ya mteja, bila kumgusa mtu.

Kubaki au kuondoka. Kuna historia ya Wakristo waliolipitia hili kwa kiwango kikubwa. Cadbury, kampuni ya chokoleti ya Waquaker (dhehebu la Kikristo) huko Birmingham, Uingereza, ilianza kusikia mwaka 1901 kwamba kakao iliyokuwa ikinunua visiwa vya São Tomé na Príncipe, koloni la Wareno, inalimwa na watu walioletwa kutoka Angola katika hali isiyotofautiana na utumwa. William Cadbury, mmoja wa wakurugenzi, aliamini kuwa kuendelea kununua kunampa sauti mbele ya Wareno. Mwaka 1905 walimtuma Joseph Burtt akachunguze. Ununuzi ulisitishwa Machi 1909. Kampuni ilikuwa imelishtaki gazeti la Standard kwa kuwaita wanafiki mwaka 1908, ikashinda kesi Desemba 1909, na jopo la wazee wa mahakama likawapa fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni. Hoja ya kubaki ili ushawishi haikuwa ya uongo. Ilikosa tarehe ya mwisho, na kila mwaka wa mazungumzo ulikuwa mwaka mwingine wa kakao kwa mnunuzi na mwaka mwingine wa shamba kwa mfungwa.

Usharika ulifanya vizuri zaidi hapa, labda kwa bahati: mkataba ulikuwa na mwisho ulioandikwa. Kubaki miezi mitano kulileta mishahara ya miezi miwili na uthibitisho wa kila mwezi. Wangevunja siku ya kwanza, wasingekuwa na cha kumshika mkurugenzi. Wangebaki bila tarehe, ile simu ya mchungaji ingekuwa desturi na kampuni ingeizoea.

Kilichosaidia zaidi kilikuwa kitu kisicho na utukufu: kulipa ankara ndani ya wiki. Sijawahi kusikia mahubiri juu yake.

## Hali ilivyo sasa

Walinzi wanne wa malindo mengine waliokutwa jioni ile bado wako na kampuni. Shule jirani ilielezwa kila kitu na ikaamua kubaki nayo, kwa sababu ya bei. Pendekezo la kuweka jina kwenye WhatsApp halikutekelezwa. Mchungaji aliona kwamba kampuni ikipoteza malindo yote kwa wiki moja, walinzi ndio watakaoanza kulala njaa, na nadhani aliona sawa, ingawa mwakilishi wa vijana hajakubali mpaka leo.

Ulinzi wa usiku tu umekuwa na hasara yake. Pikipiki ya muumini iliibwa uani saa nne asubuhi wakati wa ibada ya pili, na wapo wanaodai mlinzi wa mchana arudishwe. Pia likizo ya siku 28 kwa kila mlinzi haikuwekwa kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza. Vijana walishika zamu, kwa manung'uniko.

Mkataba wa usafi wa zahanati sasa unatangazwa upya. Safari hii mtunza hazina, yule yule, amewataka waombaji walete mchanganuo: mshahara wa mfanyakazi, saa zake, NSSF, VAT, na faida yao. Kampuni mbili zimejitoa. Ya tatu imeleta, na bei yake iko juu ya bajeti ya zahanati kwa 90,000 kwa mwezi. Baraza halijakaa bado.